NYOKA WA KUA ALIVYONIUMBUA MBELE ZA WATU

Aibu ziko za aina nyingi, msomaji wangu. Kuna ile ya kukatikiwa na kandambili katikati ya Kariakoo. Kuna ile ya konda kukudai nauli kwa sauti ukiwa umekaa na mtoto wa watu uliyemdanganya kuwa gari lako liko gereji. Zote hizo zimeshanipata na nikapona. Lakini ya mwaka jana imenikaa rohoni mpaka leo, maana niliumbuliwa na nyoka ambaye hayupo. Nilimtunga mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Utende, kisiwani Mafia. Na tafadhali usinianzie ule utani wa Mafia ya Italia, nimeshauchoka. Wazee wetu wanasema jina limetokana na “mahali pa afya”, na mimi sibishani na wazee. Utende ndipo inapoishia barabara inayotoka Kilindoni, kama kilomita 15 hivi. Pana lango la Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, pana mahoteli ya wageni, na mbele yako ni Ghuba ya Chole. Ng'ambo unakiona kisiwa cha Chole chenye popo wakubwa kama kuku, na nyuma yake kisiwa cha Juani. Huko Juani ndiko kwenye magofu ya mji wa Kua.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo tuyaache yalivyo. Nikaja Dar kutafuta maisha, na siku hizi nasukuma kalamu kama hivi unavyonisoma, nalipwa kwa makala. Makala isipotoka, na chakula hakitoki.

Basi bwana, kuna mshikaji wangu mmoja analinda duka la vitabu kule Peninsula, jina la duka nalihifadhi. Jumamosi moja akanipigia simu: “We mtu wa Mafia, njoo jioni. Kuna mtu anakuja kuongea habari za kwenu. Hakuna kiingilio.” Neno la mwisho ndilo lililonitoa nyumbani.

Nilipoingia nilipigwa na baridi la kiyoyozi mpaka nikakumbuka sweta langu la shule. Vitabu mpaka darini. Karibu na kaunta kulikuwa na rundo la vitabu vya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Nikageuza kimoja nione bei. Nikakirudisha taratibu, kama mtu aliyeshika yai la mwenyewe. Kwa hela ile ningekula chipsi mayai wiki nzima na soda juu.

Viti vilikuwa kama 40. Wazungu wengi, wale wanaofanya kazi kwenye mabalozi na miradi, wamevaa makubazi na mashati ya kitenge. Wabongo walikuwa wachache, wa kishua, wanaocheka kwa Kiingereza. Mimi nikatafuta kona karibu na vitabu vya kupikia, nikajikunyata.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona profesa wa Kizungu mwenye ndevu. Akasimama mzee wa makamo, Mbongo mwenzangu, mwalimu wa historia, koti limepauka kidogo kwenye viwiko. Akaanza kuchapa ung'eng'e. Alisema tangu miaka kama 2,000 iliyopita baharia mmoja wa Kigiriki aliandika habari za biashara ya pwani yetu, akautaja mji uitwao Rhapta, ambao wataalamu wanaubishania mpaka leo ulikuwa wapi. Akakumbusha kwamba mwaka 2016 ziliandikwa habari za mzamiaji aliyedai kuona kitu kama kuta chini ya bahari, karibu na Mafia. Hapo mtu wa Mafia nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Akaendelea. Akaeleza mji wa Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa, ambao bahari imeula ukabaki vipande. Akaeleza mji wa Kua na misikiti yake na jumba lake, na jinsi Wasakalava walivyokuja na mitumbwi kutoka Madagaska, kwenye mwaka 1829, wakauvunja. Akasema mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa ajili ya pwani ya bara, na Mafia ikiwa ndani yake, kama nyongeza ya nyanya sokoni. Makao yao wakayaweka Chole. Mwezi Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, na wakarusha ndege kutoka kisiwani hapo kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Julai mwaka huohuo wakaimaliza.

Ndege za vita mwaka 1915, kwetu Mafia! Mimi ambaye shuleni nilikariri Mkutano wa Berlin wa 1884 mpaka 1885 na masharubu ya Bismarck, nilikuwa sijui kabisa. Bismarck hajawahi kufika Utende. Kua unaipata kwa mashua, na nilikuwa sijawahi kukanyaga.

Nikuambie ukweli, siyo yote niliyoyadaka. Kimombo changu ni cha kujibu mtihani. Kuna mahali mzee alisimulia kisa kirefu cha Kua na Kisimani, watu wakawa kimya kabisa, mama mmoja akajiziba mdomo. Mimi niliambulia maneno matatu tu: jahazi, watoto, harusi. Vilivyobaki vilipita juu ya kichwa kama ndege zile za Waingereza.

Halafu ukafika wakati wa maswali. Binti wa dukani akauliza kama kuna mtu aliyewahi kufika Mafia. Hapo ndipo shetani wa kuuza sura aliponipanda. Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi siyo wa kufika tu, mimi nimezaliwa Utende! Vichwa vyote vikageuka. Wakanipigia makofi, wallahi, kwa kuzaliwa tu.

Mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, mwenye daftari magotini, akaniuliza kwa upole kabisa: je, kwenu nyumbani wazee wanasimulia nini kuhusu Kua?

Msomaji, jibu la kweli lilikuwa maneno mawili: “Sijawahi kuuliza.” Lakini ungekuwa wewe, umeshapigiwa makofi, ungesema hivyo? Nikafungua mdomo. Nikasema Kua ilijengwa na Wareno. Nikasema chini ya jumba kuna dhahabu. Nilipoona wananisikiliza nikaongeza chumvi: dhahabu hiyo inalindwa na nyoka mwenye vichwa saba, na bibi yangu alishamwona.

Yule mama akaandika. Kila neno. Akaniuliza vichwa vingapi, ahakikishe. Nikamwambia saba.

Watu wakatawanyika kwenda kunywa juisi. Yule mzee mwalimu akanifuata pale kwenye vitabu vya kupikia, akanisalimia kwa Kiswahili, nami nikamwamkia. Kisha akainama kidogo. “Kijana, huyo nyoka nani amekwambia?”

Nikabaki nacheka kijinga.

“Bibi yako yu hai?”

“Yu hai, mzee.”

“Basi una bahati kuliko mimi. Kamuulize.” Akanigonga begani, akaenda zake. Hakupandisha sauti, hakuniumbua mbele za watu. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Usiku ule sikulala vizuri. Siyo nyoka aliyenisumbua, ni daftari. Nilijua vitabu vinavyotengenezwa. Mtu anaandika kwenye daftari, daftari linakwenda Ulaya, miaka inapita, kinatoka kitabu chenye picha nzuri, kinauzwa dukani Peninsula, na ndani yake wamesema: “Wenyeji wa Utende wanaamini.” Na mwenyeji mwenyewe ni mimi!

Nikachanga nauli. Mbagala Rangi Tatu nikapanda basi la Nyamisati, Nyamisati nikapanda boti mpaka Kilindoni, huku mawimbi yakinikumbusha dhambi zangu moja moja. Kilindoni nikachukua bodaboda mpaka Utende.

Bibi nilimkuta uani anasuka ukili.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Huko Dar es Salaam mnakula vumbi?”

Bibi yangu ni mzaliwa wa Juani, aliolewa Utende. Nikala kwanza, maana kwa bibi huanzi shauri na tumbo tupu. Nikatoa simu, nikamwomba nimrekodi. Nikamuuliza habari za Kua. Akaacha kusuka.

“Leo ndiyo unaniuliza? Ulipokuwa mdogo nikikusimulia unakoroma.”

Akaanza. Akasema zamani watu wa Kua walialikwa harusi Kisimani. Wakavaa, wakajifukiza, wakaenda wakubwa kwa wadogo. Karamu ikaandaliwa kwenye chumba cha chini ya ardhi. Wakala, wakanywa, wakapigiwa ngoma. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu anakwenda kuangalia wali, huyu anakwenda kuleta maji. Mwisho akabaki mzee mmoja tu wa Kisimani, fundi wa maneno, anawachekesha wageni. Wanacheka naye, hawaoni kwamba mlango unajengwa kwa mawe na chokaa. Walipogundua, hakuna mlango. Yule mzee alikubali kufa nao. “Na wako humo mpaka leo,” bibi akamalizia.

Mwili ulinisisimka. Ndipo yakanirudia yale maneno matatu ya dukani. Harusi nimeipata. Jahazi na watoto viko wapi?

“Bibi,” nikamwambia, “kule Dar kuna mwalimu alisimulia kisa hiki. Alitaja jahazi. Na watoto.”

Bibi akanyamaza muda mrefu. Jogoo akapita, akamfukuza. Kisha akaniambia: “Zima hicho kidude.”

Nikazima simu.

Akasema kabla ya harusi kulikuwa na jahazi. Watu wa Kua walijenga jahazi kubwa, wakawaalika watu wa Kisimani kwenye sherehe ya kulishusha majini. Katika sherehe ile wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na jahazi likapitishwa juu yao. Kisimani hawakusema kitu. Wakangoja miaka mpaka mambo yakasahaulika, ndipo wakaleta mwaliko wa harusi.

“Kwa hiyo sisi ndio tulioanza?”

“Hilo nalo lipo,” bibi akasema.

“Mbona hukuwahi kunisimulia?”

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mjinga anayempenda. “Wewe ukigombana na mtu, ukienda kusimulia kwa watu, unaanza na ulivyomkosea au alivyokukosea? Mimi mwenyewe bibi yangu alinisimulia harusi nikiwa mtoto. Jahazi alinisimulia nimeshaolewa.”

Msomaji, hapo nilikaa chini nikafikiri, jambo ambalo si kawaida yangu. Kisa hiki kiliandikwa tangu enzi za ukoloni, na maofisa wa Kiingereza waliosimuliwa na wazee wa Mafia. Kwa hiyo lile jahazi limekaa kwenye majarida na vitabu kwa miaka, linasomwa na wageni, linahadithiwa dukani kwenye kiyoyozi, na mimi mjukuu wa Juani sikulijua. Lakini na kitabu nacho hakina bibi yangu. Hakijui kwamba nyumbani kisa kinaanzia kwenye harusi, na kwamba jahazi ni neno la watu wazima, linasemwa simu ikiwa imezimwa. Nusu iko dukani, nusu iko uani kwa bibi. Aliyekosa kote kuwili ni mimi, niliyeziba pengo kwa nyoka.

Asubuhi yake maji yakiwa makubwa tulipanda mashua kwenda Kua. Bibi alikataa kubaki, akafunga ubani kwenye upindo wa kanga. Niliona kuta nene za matumbawe na chokaa zimeshikwa na mizizi, mihrabu ya msikiti bado imesimama, na jumba lenye ngazi zisizofika popote. Nikatafuta nyoka kwa unyonge. Nikaona mjusi. Kichwa kimoja.

Bibi alichoma ubani wake, akasoma fatiha, akasema turudi kabla maji hayajatoka. Kwenye mashua nikamuuliza kama naweza kuandika gazetini, na lile la jahazi pia. Akafikiri mpaka tukaipita Chole.

“Andika. Lakini anza na harusi.”

Ndiyo maana nimeanza na harusi.

Niliporudi Dar nilimuuliza mshikaji wangu mlinzi siku ya maongezi mengine. Safari hii alikuja dada mmoja mwandishi wa riwaya kuzungumzia kitabu chake. Nilingoja wakati wa maswali, nikasimama, magoti yakinitetemeka. Nikasema kwa Kiswahili, maana uongo niliusema kwa Kiingereza na sikutaka ukweli nao ukosewe sarufi. Nikasema mimi ndiye yule wa Utende, na kwamba Kua hakuna nyoka, niliwazuga. Nikasimulia aliyoniambia bibi, yote mawili. Binti wa dukani akawa anawatafsiria wasioelewa. Hakuna aliyenipigia makofi. Dada mwandishi akasema kisa kile kinastahili kuandikwa kwa Kiswahili kwanza, halafu hao wengine wasubiri tafsiri.

Neno lake lilinigusa, kwa sababu siku ile nilikuwa nimekisoma kitabu cha Gurnah, nimesimama palepale kwenye rafu. Riwaya yake ya “Paradise” ilitoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, “Peponi”, aliyoifanya Ida Hadjivayanis, imetoka 2022. Miaka 28! Hadithi ya pwani yetu ilizunguka dunia nzima ndipo ikafika kwa wenye pwani. Wala usidhani mambo ya vitabu hapa mjini yaliletwa na wageni wa Peninsula. Mwaka 1972, kitabu maarufu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya ilivyoidunisha Afrika kilichapishwa hapahapa Dar na Tanzania Publishing House, sambamba na London, na Rodney mwenyewe alikuwa akifundisha Mlimani. Wazee wetu walikuwa wakibishana juu ya vitabu kama sisi tunavyobishana juu ya Simba na Yanga. Sisi tumewaachia viti wengine, halafu tunalalamika kwamba wamekaa.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukisikia kuna mwandishi au mwalimu wa historia anaongea mahali, na hakuna kiingilio, nenda. Usiogope kiyoyozi wala makubazi yao. Kaa kiti cha mbele. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, haliui. Lakini kabla hujaenda, mpigie simu bibi yako, babu yako, shangazi yako, yeyote aliyebaki. Muulize kuna nini hapo kwenu. Na akikwambia zima simu, zima, halafu tega masikio vizuri zaidi.

Mimi lililonibaki ni deni moja. Yule mama mwenye daftari sikumwona siku ile ya pili. Niliuliza kaunta, nikaambiwa mkataba wake uliisha, alisharudi kwao Ulaya. Daftari amekwenda nalo.

Kwa hiyo, msomaji, siku yoyote ukikuta kitabu kizuri, karatasi za kung'aa, kimeandikwa kwamba wenyeji wa Utende wanaamini nyoka wa vichwa saba analinda dhahabu ya Wareno huko Kua, usihangaike kutafuta wenyeji gani. Ni mimi. Na bibi ameniambia nikuombe radhi.